Pampu Aliyoikataa Shemeji

Fundi Radi hakupewa jina hilo kwa kupiga watu. Hajampiga mtu maishani mwake. Ila akikasirika huanza kunguruma kwa mbali, huko chini ya gari, na ukisikia spana zinatupwa badala ya kuwekwa, jua mvua iko njiani, tafuta pa kujisitiri. Sisi wengine hasira tunazifunika kwa tabasamu. Yeye za kwake anazivaa nje kama ovaroli.

Siku ninayoisema, gari lililokuwa gereji lilikuwa la mdogo wake wa kike. Huyu Radi alimlea mwenyewe wazazi wao walipofariki, akamsuka nywele kwa mikono hii hii ya grisi, akamwoza. Sasa dada huyo hubeba mikate kutoka tanurini kila alfajiri kupeleka madukani, na watu wanamwita Mama Mikate. Gari lenyewe la dizeli, kuukuu, lakini halijawahi kumlaza njiani. Na biashara ya mikate haina subira: duka likikosa asubuhi moja, mwenye duka anachukua kwa mwingine, ndiyo basi tena. Kwa hiyo gari lilitakiwa kufunguliwa na kufungwa siku hiyo hiyo, mkanda wa taimingi mpya, pampu ya maji mpya.

Aliyeleta gari ni mume wa Mama Mikate. Alileta na kiboksi kimoja tu.

"Mkanda huu hapa, shemeji. Pampu inafuata."

Radi akaamini. Mtu mzima akikwambia kitu kinafuata, utamwambia nini? Akamwaga maji ya rejeta, akainua injini kwa jeki, akatoa vifuniko, akalinganisha alama za krenki na za kamshafti, mihimili miwili inayounganishwa na mkanda, akavua mkanda wa zamani. Ndipo akaishika ile pampu, akaizungusha kwa kidole. Ilikuwa inacheza kama jino la mzee, na ndani inakwaruza.

Mchana shemeji akarudi, mikono mitupu, mdomoni kijiti cha meno.

"Pampu iko wapi?"

"Nimefikiri, shemeji. Ile ya zamani haivuji hata tone. Kwa nini tutupe kitu kizima?"

Spana ikaanguka. Nyingine ikafuata.

"Umefikiri? Nani alikutuma ufikiri? Ulitumwa pampu!"

"Usinipigie kelele, mimi si mwanao."

"Ungekuwa mwanangu ungekuwa na akili! Sikiliza wewe. Mkanda huu ndio unaoizungusha pampu. Pampu ikikwama, mkanda unakatika. Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na mke wako anabaki barabarani na mikate yake. Kazi ya kufika hapa ni moja, ndiyo maana vitu hivi vinabadilishwa pamoja. Hata mbuzi angeelewa."

"Basi kamfundishe mbuzi. Nyinyi mafundi kila kitu kwenu kibovu. Funga gari, mwenyewe ana kazi."

Radi akahisi damu inapanda masikioni. Haikuwa pampu peke yake. Ni miaka yote ya kumwona mtu huyu akiamua mambo ya gari asilolijua, la mwanamke aliyelala saa chache ili alilipie. Akafungua mdomo, akaufunga, akaenda nyuma ya gereji kujimwagia maji kichwani, maana alijua akibaki pale atasema neno ambalo dada yake ndiye atakayelibeba nyumbani.

Maji hayajamfika shingoni, akasikia sauti ya shemeji kutoka ndani ya gari:

"Njoo uone kama inavuja! Naliwasha sasa hivi!"

"Usiguse! We mtu, usi—"

Starta ikalia. Kisha kra, kra, kak. Kisha kimya cha msibani.

Mama Mikate alipofika, aliwakuta wamesimama pande mbili za gari kama majogoo waliochoka, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

"Mumeo kaua injini! Kawasha gari halina mkanda!"

"Kakako ndiye aliyeniacha na gari wazi!"

Mama Mikate alikulia gereji ile; akapita mbele, akainama, akatazama.

"Kaka. Wewe si ndiye uliyenifundisha, kabla ya kulegeza mkanda unachomoa waya wa betri? Mbona umechomekwa?"

Radi akautazama ule waya. Kweli ulikuwa umechomekwa. Asubuhi aliuacha kwanza aangalie taa za dashibodi, baadaye hasira za kusubiri pampu zikamsahaulisha. Akauchomoa taratibu, bila ngurumo.

"Na wewe," akamgeukia mumewe, "pampu nilikutuma mimi. Hukumkatalia yeye, umenikatalia mimi. Toa hicho kijiti."

Kijiti kikatoka.

"Gari litakuwa tayari lini?"

"Nivue kichwa cha injini, nitafute valvu mpya," akasema Radi polepole. "Si leo wala kesho."

"Basi mikate yangu mtaibeba nyinyi."

Alfajiri majirani wakaona ajabu: mkokoteni umejaa kreti za mikate, shemeji mbele anavuta, Radi nyuma anasukuma, na Mama Mikate ubavuni anawamulikia njia kwa tochi.

"Vuta basi, au unafikiri tena?"

"Sukuma wewe, bwana betri!"

"Ungeleta pampu tungekuwa tumekaa kwenye viti!"

"Ungechomoa waya nisingewasha kitu!"

Wakapanda mlima hivyo hivyo, jasho linatiririka, matusi hayapumziki. Duka la kwanza mwenyewe akatoka anapikicha macho, akabonyeza mkate, akaukuta bado una joto.

"Umekuja na kelele gani hizi leo, mama?" akauliza. "Na kesho utaleta?"

"Nitaleta," akasema Mama Mikate, akashusha kreti. "Kelele utavumilia."