Mpakate Tu, Siyo Mbali

Mdogo wangu alipiga simu saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Alikuwa anaishi Igogo, juu mlimani, kwenye vyumba viwili vilivyoegemea jabali kama nyumba nyingi za upande ule. Mume wake alikuwa visiwani kwenye kambi ya dagaa, wiki ya pili hajarudi. Nyumbani alibaki na mwanawe wa kiume, aliyekuwa amebakiza miezi michache kutimiza miaka minne.

"Dada, maji yameingia ndani," aliniambia. "Yameshafika kwenye godoro. Ukuta wa jirani umeanguka, na wetu nauona umepata ufa."

"Mtoe mtoto nje. Nakuja."

Mimi nilikuwa kwangu, Mkolani. Ninafundisha shule ya msingi, na ilikuwa likizo. Mume wangu alikuwa amesafiri kikazi, akaniachia gari. Nilimbeba binti yangu wa miaka miwili na nusu, nikamfunga nyuma kwenye kiti chake cha watoto cha gari, nikahakikisha mikanda imekaza mabegani.

Kile kiti kilikuwa kimenipatia sifa mtaani. Tulikipata mtumba, na tangu siku hiyo sikuwahi kumsafirisha mwanangu nje yake, hata tukienda kanisani, mwendo wa dakika tano. Majirani walisema namlea kizungu. Shemeji zangu walicheka. Mimi niliwajibu kwamba gari halijui kama safari ni fupi. Nilipenda kusema hivyo. Niliwaambia hata wazazi wa wanafunzi wangu kwenye kikao cha shule. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akadhani sikuwa najua. Nilikuwa najua.

Nilipofika Igogo niliwakuta chini ya kibaraza cha duka, wamelowa. Mtoto alikuwa anaipigia radi kelele. Ndiyo ilikuwa tabia yake: alikuwa anaiogopa radi, lakini badala ya kujificha aliigombeza.

"Mama mkubwa, shikamoo! Nimeiambia inyamaze!"

"Marahaba, baba. Imesikia?"

"Bado. Ni kaidi."

Mdogo wangu alikuwa ameokoa alichoweza: nguo kwenye mifuko, nusu gunia la mchele, masufuria, na mtungi wa gesi ambao alikuwa ameununua mwezi ule ule. Tulivipakia huku tumeinama kwa mvua. Mifuko na masufuria vilijaza buti. Gunia nililisimamisha nyuma, katikati ya kiti. Ukabaki mtungi.

Nikauweka upande wa pili wa kiti cha nyuma, penye nafasi iliyobaki. Niliutazama, nikaona unaweza kubingirika nikikata kona na kumgonga binti yangu. Basi nikavuta mkanda wa gari, nikauzungusha kwenye mtungi, nikaufunga. Nakumbuka ule mlio mdogo mkanda ulipoingia.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mkononi.

"Nimweke huku nyuma na mwenzake?"

"Kumejaa," nilimwambia. "Kaa na mimi mbele. Mpakate tu, siyo mbali."

Akapanda. Alijaribu kuuvuta mkanda uwapite wote wawili, ukagoma, akauachia ukajirudia mahali pake. Niliona. Mvua ilikuwa inaingia kupitia mlango ulio wazi, nami nikamwambia afunge mlango.

Tulikwenda polepole. Hilo nalo lilisemwa baadaye, na ni kweli. Kuanzia Mkuyuni maji ya mlimani yalikuwa yanakatiza barabara yakiwa na rangi ya udongo, na waipa za kioo hazikufua dafu. Mtoto alikuwa ameegemeza mgongo kifuani kwa mama yake, anatazama kioo na kuyahesabu mawe makubwa pembezoni mwa barabara. Alikuwa anajua kuhesabu mpaka kumi na mbili, kisha anaanza upya. Binti yangu alilala.

Tulipokaribia Butimba, bajaji iliyokuwa mbele yetu ilizimika ghafla katikati ya maji. Nilikanyaga breki. Gari halikusimama, liliteleza kama limewekwa juu ya sabuni, nikakata usukani kushoto nisiwagonge abiria wa bajaji, na tukagonga ukingo wa zege wa mtaro.

Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Taa moja ilivunjika na bampa la mbele likapinda. Mimi mkanda ulinibana kifua, basi. Nyuma, binti yangu aliamka akauliza, "Tumefika?"

Mdogo wangu alikuwa ameinamia dashibodi, mikono yake bado imemzunguka mtoto. Hakuwa amemwachia hata kidogo. Alipojirudisha nyuma, mtoto alitoa sauti ndogo kama mtu aliyepaliwa na maji. Hakutoka damu. Aliniangalia mimi, siyo mama yake.

"Mama mkubwa, panauma hapa," akasema, akishika kifua.

Abiria wa bajaji wakashuka, wakasimamisha gari lililokuwa likitoka Nyegezi, na dereva wake akatupeleka hospitali bila kuuliza neno. Nilimfungua binti yangu, nikampakata. Sikuwa na namna nyingine. Njia nzima nilikuwa nasikia pumzi za yule mtoto zikipungua urefu, na mdogo wangu akimwambia, "Hesabu, baba. Hesabu mawe." Alifika sita.

Alifariki saa nane mchana.

Daktari alituita chumba cha pembeni. Alikuwa kijana mpole, alitafuta maneno kwa muda. Akasema gari linaposimama ghafla, aliyempakata mtoto naye hurushwa mbele, na uzito wake wote humkandamiza mtoto kwenye kile kilicho mbele yao. Mikono ya mtu, hata ya mama, haiwezi kulizuia hilo. Mdogo wangu aliyasikiliza yote. Kisha akainua mikono yake akaitazama. Ilikuwa imevimba kuanzia kiwiko mpaka vidole kwa jinsi alivyokuwa ameshikilia.

Tulimzika kwa baba yake, Sengerema. Tulivuka na feri kwenda Kamanga asubuhi ambayo mvua ilikuwa imekatika na ziwa limetulia kabisa. Jeneza lilikuwa fupi kiasi kwamba watu wawili walilibeba na mmoja angetosha. Shemeji yangu alitoka visiwani akaja moja kwa moja na nguo zake za kazi. Alisimama kando ya jeneza mpaka tulipofika ng'ambo.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo wao walikaa, wakauliza imekuwaje, kama ilivyo desturi. Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akanitangulia.

"Nilikuwa nimempakata mimi," alisema. "Mwenyewe. Gari likateleza."

Mama mkwe wake akauliza kwa nini hakumkalisha nyuma. Yeye akajibu, "Sikufikiri, mama." Wakampa pole. Nikaona namna baadhi ya wanawake walivyomtazama, nami nikanyamaza. Siku tatu nilizokaa msibani nilichota maji, nikapika, nikaosha vyombo vya watu wote, na nikanyamaza.

Siku ya kuondoka, shemeji alinisindikiza Kamanga. Tulikuwa tunaisubiri feri, binti yangu ananing'inia mkononi.

"Shemeji," nilimwambia, "nafasi ilikuwepo. Mke wako aliomba kumweka nyuma, mimi nikamkatalia. Pale pa kumfunga mtoto nilifunga mtungi wa gesi."

Feri ilifika, watu wakaanza kushuka na mizigo.

"Mtungi," akasema.

"Ndiyo."

Alimtazama binti yangu, akamtengenezea kola ya gauni iliyokuwa imejikunja.

"Panda feri, shemeji," aliniambia, akageuka akaondoka.

Jioni ile mdogo wangu alinipigia. Nilidhani atalia. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Kwa nini umemwambia?"

"Kwa sababu ni kweli. Wanakulaumu wewe."

"Niliwaachia wanilaumu. Nilitaka abaki na mtu mmoja tu wa kumchukia, na mimi ningemvumilia kwa kuwa ni mume wangu. Sasa amekosa mke na shemeji kwa mpigo. Umejisikia nafuu?"

Sikuwa nimejisikia nafuu yoyote, lakini nilipotafakari niligundua kwamba nilikuwa nimeitafuta.

Hawakurudi Igogo. Walibaki Sengerema wakilima, na shemeji akaacha kambi za dagaa. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza mdogo wangu alinipokea, akanipa chakula, akanisindikiza, na mazungumzo yetu yote yalikuwa ya mihogo na mvua. Mara ya pili aliniomba kwa heshima nisije kwanza, mpaka aniite. Hajaniita.

Gari lilitengenezwa. Sasa nyuma kuna viti viwili vya watoto, kimoja hakina mtu. Jirani akiniomba nimpelekee mtoto kliniki, namwambia atakaa pale na atafungwa, asipotaka tutembee. Wengine huudhika. Mmoja aliniambia nina roho ngumu, eti ni hapo tu barabarani. Nilimsaidia kumbeba mtoto mgongoni, tukaenda kwa miguu wote watatu.

Jumapili mchana simu huita. Mdogo wangu hunisalimia, tunaulizana hali, kisha husema, "Nipe mwanangu." Binti yangu, ambaye sasa yuko darasa la awali, huichukua na kwenda nayo uani. Namsikia akimweleza mama yake mdogo habari za mwalimu wake, za kuku wetu, za jino linalolegea. Hucheka sana. Mimi hubaki jikoni nikichambua mchele, na wakimaliza, simu hurudi kwangu ikiwa imeshakatwa.