Ndoo ya Kutemea

Bwana mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amepanda treni ya zamani huko ng'ambo, watu wakionja mvinyo na kutazama mashamba ya zabibu dirishani. Akaona Mbamba Bay, hapa kwetu ziwani, inafaa kabisa kwa jambo hilo. Tulichopungukiwa ni treni, reli na zabibu tu. Badala ya treni tukatafuta boti kuukuu, tukaipaka rangi upande wa kupigwa picha. Badala ya zabibu tukachukua mvinyo wa rozela wa jirani yangu, mama mjane kutoka Ngumbo.

Mimi, mtumishi wa maendeleo ya jamii, nikateuliwa kuwa mtaalamu wa mvinyo. Sifa yangu ilikuwa kuzaliwa Dodoma, kunakolimwa zabibu. Nikasoma kijitabu cha kurasa nne, nikajua kuzungusha glasi, kunusa, kusukutua na kutema kwenye ndoo, maana mwonjaji akimeza kila kitu hafiki glasi ya tano na akili zake.

Mama huyo ndiye aliyenipokea nilipohamishiwa huku sina godoro wala sufuria. Jioni ile alinipa kikombe cha rozela yake, nikakimaliza. Sasa alikuja na madumu matatu na kitenge cha Pasaka. Wageni wakiipenda wangeiagiza kila safari, naye angeezeka nyumba kwa bati.

Wageni waliteremka kutoka Mbinga, kona zimewapausha nyuso, tukaondoka gatini, mama naye amekaa nyuma ya boti na madumu yake. Nikamimina. Wakazungusha, wakanusa, wakafumba macho kama wanasali, kisha wakatema mmoja baada ya mwingine. Nami nikatema kwa ustadi kuliko wote, na nilijivuna kweli.

Nilikuwa nimekumbuka kila kitu, hata biskuti za kusafishia ulimi. Kumweleza mama kazi ya ndoo ndiko nilikosahau. Huku mtu akitema alichopewa na mwenyeji, anatangaza mbele za watu kwamba hakifai, au kwamba anahofia sumu.

Tuliporudi, bwana wa treni alisema hajaonja kitu kizuri hivyo, akataka dumu zima la kupeleka Dar. Nikamtafuta mama. Alikuwa ameshashuka, amesimama ukingoni mwa gati, anamwaga dumu la mwisho ziwani.

"Mama, wameipenda sana."

"Nimewaona walivyoipenda."

Nikamweleza kijitabu chote, kurasa zote nne. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akakamua dumu kwenye kikombe, ikatoka nusu, akanipa. Nikanywa yote, wageni wakitazama.

"Wale siwajui, mwanangu," alisema akipokea kikombe. "Ila wewe nataka uniambie. Siku ile ya kwanza, ulisubiri nitoke ndipo uteme?"