Mama wa Kasungami Aliyehesabu Siku

Hospitali yetu ilipoingizwa kwenye mpango wa kupimwa kwa alama, mkuu wa wauguzi alitueleza sheria moja kama mtu anayesoma tangazo la msiba: mgonjwa akiruhusiwa, kisha akarudi kulazwa kabla ya mwezi kwisha, wodi inakatwa alama na marupurupu yetu yanapungua. Nilikuwa na miaka mingi katika wodi ya wanawake. Nilisikia, nikaenda kubadilisha dripu.

Wiki ile ile nilimruhusu mama mmoja wa kitongoji cha Kasungami, mkulima wa mboga, mgonjwa wa moyo. Nikimfungia vidonge, nikamtania:

"Mama, usirudie huku mbele ya mwezi kuisha. Batatukata alama."

Alicheka. Nami nikacheka.

Baada ya wiki tatu na siku chache nilimkuta binti yake sokoni, anauza mboga za lengalenga. Nikamuuliza hali ya mama.

"Iko nyumbani," akasema bila kunitazama. "Analala ya kukaa, pumzi inamukatala. Anakatala lopitali."

Sikununua kitu. Tulipanda pikipiki hadi kwao. Mama alikuwa ameegemea gunia la mahindi, anahema, miguu imejaa maji hadi magotini.

"Mama, kwa nini haukurudi?"

"Njo weye ulinikataza, mwana yangu." Alipumzika, akavuta pumzi. "Niko nahesabu masiku. Inabakia sita tu. Sikutaka bakuazibu juu yangu."

Nilipiga magoti nimvishe viatu, havikumwingia. Tukamchukua miguu mitupu.

Hospitalini daktari kijana alishika kalamu, akasita. "Tumwandike wa kuangaliwa tu? Kesho tutaona."

Nilimwelewa. Wa kuangaliwa hahesabiwi kuwa amerudi. Nilijua wodi zilizopongezwa kwa namna hiyo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaandika hivyo mara mbili.

"Andika amerudi," nikasema. Nilikuwa nimechoka mno kubishana, na yeye pia. Akaandika.

Mama alilazwa karibu wiki mbili, akapona kiasi cha kutembea. Alama zetu zilishuka, na wenzangu wawili wakaacha kunisalimu kwa muda. Siwalaumu, nao wana watoto wa kulisha.

Sasa kila Jumatatu binti humleta kupimwa uzito, tuone kama maji yanarudi mwilini. Kuna Jumatatu hawaji, na siku hiyo nafanya kazi huku macho yangu yako mlangoni.