Shati la Kabula Juu ya Minyaa

Kuna mlio mmoja ambao ukinifikia popote nilipo lazima nigeuke: mlio wa nguo mbichi ikikung'utwa kabla ya kuanikwa. Pa! Juzi niliusikia kwa jirani yangu hapa Kahama nikiwa nakunywa chai, nikajikuta nimeshasimama mlangoni kutazama anaanika wapi. Alianika kwenye kamba. Nikarudi kwenye chai yangu, ila ilikuwa imeshapoa, na mimi akili ilikuwa imeshafika Ibadakuli, kijiji nilikokulia.

Nyumba yetu kule ilizungukwa na ua wa minyaa, na kila mtoto alijua tabia zake. Ukivunja kijiti unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Ukikuingia jichoni, utalia mpaka kijiji cha pili wasikie. Lakini mama yetu, tuliyemwita Mayu kama Wasukuma wengi, alikuwa na ugomvi wake mwingine na minyaa. Utomvu ukigusa nguo mbichi huuoni. Ukishakauka unageuka doa la kahawia, na doa hilo halisikii sabuni, ndimu wala maombi.

Jamani, Mayu alikuwa mkali wa nguo! Nguo igeuzwe ndani nje kabla ya kuloweka. Sabuni ya mche ipakwe kwenye kola na kwapani tu, kwingine povu linatosha. Usiisokote kama unakaba koo la kuku. Iminye, ikung'ute, anika. "Nyie nguo hamzivai," alikuwa akitufokea, "mnazimalizia kwenye beseni."

Mwaka ule dada yangu Kabula alichaguliwa kwenda shule ya bweni. Barua ilitaka shati jeupe, na ilisema wazi kuwa atakayefika bila sare kamili atarudishwa getini. Pesa ya pamba ilikuwa imeishia kwenye godoro na tranka, kwa hiyo shati likapatikana moja tu, la mtumba, lakini zuri kweli. Safari ilikuwa Jumatatu. Jumamosi Mayu akaenda shambani, Kabula akaenda kunyolewa, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nikaachiwa shati nilifue.

"Kamba tu," Mayu alinionya. "Usiniletee habari za ua."

Nililifua vizuri, sijisifu. Tatizo likawa kamba: ilijaa mablanketi, na wenzangu walikuwa wameshaanza kucheza rede, wananiita. Ua ulikuwa palepale, unapigwa jua. Nikalitandaza shati juu ya minyaa, nikalikandamiza ili upepo usilichukue, nikasikia vijiti vikikatika chini ya viganja vyangu. Nikakimbilia rede.

Jioni mgongo mzima wa shati ulikuwa na madoa kama umemwagiwa chai ya rangi. Kabula alipoliona alikaa chini, palepale kwenye vumbi, akalia bila sauti. Afadhali angenipiga. Mimi nililia kwa sauti, kwa niaba yetu wote wawili.

Mayu alilishika shati, akaligeuza huku na huku. "Mbele ni pazima," akasema. Akaingia ndani, akatoka na wembe na shumizi yake nyeupe, ile aliyovaa chini ya gauni la kanisani. Akafumua mgongo wa shati, mshono kwa mshono, midomo ameikaza. Kesho yake akaenda kanisani bila shumizi, na tulipotoka akapitia kwa Mama Shija, jirani yetu mwenye cherehani. Alirudi na shati lenye mgongo mpya. Ulikuwa mwepesi kuliko mbele, lakini nani atamchunguza mwanafunzi mgongoni akiwa na sweta?

Ikabaki shida moja. Shati lilikuwa na alama za chaki na mafuta ya cherehani, lazima lifuliwe tena. Mayu akachukua beseni, akaniwekea mimi mbele.

"Mayu, siyo huyu!" Kabula alipiga kelele. "Nakuomba, nitafua mwenyewe!"

"Ni huyuhuyu," Mayu akasema. "Wewe kafunge tranka lako."

Akaenda zake jikoni, wala hakunichungulia. Nikalifua. Nikakung'uta, pa!, nikaanika kwenye kamba, kisha nikakaa chini yake mpaka likakauka, nikifukuza kuku ambao hawakuwa na habari nalo kabisa. Siku hiyo rede ilichezwa bila mimi.

Jumatatu Kabula aliondoka na shati linang'aa, na getini akapita. Tangu siku ile nguo nyeupe zote za nyumba yetu zikawa kazi yangu. Niliiona ni adhabu, tena ya uonevu, na nililalamika kwa kila aliyekubali kunisikiliza.

Mwaka huu binti yangu aliniunguzia blauzi kwa pasi. Nilimnyang'anya ile pasi, nikamwambia asiiguse tena. Aliangalia chini tu. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile shumizi. Mayu hakuwa na nyingine. Ningeliharibu shati mara ya pili, nyumba nzima haikuwa na kipande kingine cheupe, na Kabula angebaki nyumbani. Mayu aliyajua hayo yote alipoweka beseni mbele yangu.

Nikamwita binti yangu, nikamrudishia pasi, nikampa na gauni langu la kitenge ninalolipenda kuliko yote. Kisha nikaenda zangu jikoni. Kusema kweli, mimi nilichungulia mara mbili.