Siku Niliyoipigia Windows Kompyuta ya Mama Karis

Vuuuu, halafu tk, halafu vuuuu tena. Huo ndio mlio wa feni ya kompyuta ya Mama Karis, na mpaka leo nikiwa naosha vyombo au nimekaa tu kanisani nausikia vizuri kabisa, kwa sababu siku hiyo ukumbi mzima wa kanisa letu hapa Kapsoya ulinyamaza kwa pamoja, kitu pekee kilichobaki kikiongea ni hiyo feni, na kila mtu alikuwa ananiangalia mimi. Nimepata aibu nyingi maishani (niliwahi kuanguka na sufuria ya chai mbele ya askofu), lakini hiyo ya chai nikiisimulia nacheka. Hii sijawahi kuicheka.

Mimi shule niliishia kidato cha nne, na cheti changu nakijua mimi na droo ya mama yangu tu. Mzee Ouma, fundi wa kompyuta pale town, alinichukua nifagie duka, nikafagia, nikaanza kumshikia bisibisi, na baada ya miaka miwili nilikuwa nabadilisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, huku naimba. Ndoto yangu ilikuwa nifungue chumba cha michezo ya kompyuta Kapsoya, vijana wa kila upande wakae benchi moja, wakitaka kupigana wapigane kwenye skrini tu. (Msinicheke, nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya pazia.)

Sasa rafiki yangu Brayo akatumiwa na mjomba wake kompyuta ya mkononi ya kuchezea, kitu kipana kama sahani, vitufe pande zote mbili, akaja nayo dukani akiibeba kama mtoto mchanga.

"Jebet, hii ina prosesa ya juzi juzi. Hayo masanduku yenu ni ya makumbusho."

"Prosesa yako ni kama mkimbiaji aliyebeba maji yake mwenyewe mgongoni," nikamwambia. "Anatoka mbio vizuri, akifika Kesses anaanza kupima hatua ndio asianguke. Yangu imechomekwa ukutani, inaletewa maji kila kona, na feni inaipepea. Hiyo inakimbia mpaka jioni."

"Inakimbia na magongo!"

"Na wewe utaandika barua ya chama na hivyo vitufe? Kidole kimoja kimoja, kama kuku anadonoa?"

Ukweli ni kwamba sisi wote wawili tulikuwa sahihi kidogo. Yake ilikuwa mpya na ilifanya mengi kwa umeme kidogo, na ya mezani haichoki haraka na ni rahisi kuifanyia kazi ya kawaida, lakini nani alitaka ukweli, tulitaka mshindi. Pasta akatusikia tukibishana, akacheka, akasema tulete hayo mambo Jumamosi, siku ya vijana: mchezo wa mpira wa kwenye skrini kwanza, halafu kila mtu aandike ratiba ya ibada na kuichapisha, na watu wakipenda atanipa ile stoo ya nyuma ya ukumbi nianzie humo ndoto yangu. Nililala na hiyo stoo kichwani kama nimeshapewa ufunguo.

Shida ikawa mashine. Ile nzuri ya dukani ilinunuliwa Alhamisi, na Mzee Ouma ana sheria moja, mashine ya mteja haitoki. Ijumaa yeye alienda Ainabkoi kutengeneza kompyuta ya shule, nikabaki peke yangu, na mezani ilikuwepo ya Mama Karis, muumini wa kanisa letu. Aliileta mwenyewe asubuhi, kwa mkokoteni, imefungwa leso mbili.

"Jebet mama, nitolee vumbi tu, inanguruma sana. Usiguse kingine."

"Sawa, Mama."

Nilisema sawa. Halafu nikatoa vumbi, nikaona prosesa yake ni ya kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na kwenye droo tulikuwa na ya rika lake ya kufanya kazi nne, inayoingia tundu lile lile, nikajiambia namfanyia surprise, nitaipeleka ukumbini siku moja tu, nitamrudishia ikiwa imeimarika, atafurahi. Nikaweka. Lakini bado ilikuwa nzito, na diski imejaa, mchezo hauingii. Na sisi mafundi wa hapa tuna dawa moja ya kila ugonjwa: mashine nzito, piga Windows, ina virusi, piga Windows, mteja ana haraka, piga Windows. Yaani unafuta kila kitu, unaanza upya. Mzee Ouma huwa anauliza mteja kwanza, halafu ananakili vitu vyake pembeni, ndipo anafuta. Mimi nilifikiri, mama mzee kama huyu ana nini humu, nyimbo za kwaya? Kompyuta yenyewe iliniuliza kama nina hakika, kwamba kila kitu kitapotea. Nikabonyeza ndiyo. Ikaniuliza mara ya pili. Nikabonyeza ndiyo tena, nikiwa natafuna mahindi ya kuchoma.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Projekta ikawashwa, na mwanzoni Brayo alinifunga mabao mpaka nikaona haya, picha zake laini kama maziwa na zangu zikirukaruka, lakini alikuwa ameacha chaja nyumbani (huyo ni Brayo), na betri ilipokaribia kwisha kale kakompyuta kakajipunguzia mwendo kenyewe, wachezaji wake wakawa wanakimbia kama wamo kwenye matope. Yangu ikaendelea tu, vuuuu, tk, vuuuu. Watu wakaanza kuimba "Je-bet! Je-bet!" na mimi, mjinga mimi, nikasimama nikapunga mkono kama niliyeshinda marathoni.

Hapo ndipo Mama Karis akatoka jikoni na birika la chai. Aliona ubavuni mwa ile kompyuta stika ya jogoo mwekundu, akaliweka birika chini polepole.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Karis alikuwa mtoto wake wa pekee, kijana wa miaka kumi na tisa, na hiyo stika aliibandika yeye. Uchaguzi ulipoharibika, mwisho wa mwaka ule wa elfu mbili na saba, vijana wa upande wetu, kabila langu, walichoma nyumba za upande wao, na Karis aliyekuwa ameshafika salama kituo cha polisi alirudi nyumbani kumtoa nyanya yake, aliyemwita Cucu. Hakutoka hata mmoja. Mimi nilikuwa na miaka minne, nakumbuka moshi na mama yangu akinifunika macho. Kompyuta ilipona kwa sababu ilikuwa kwa fundi. Na huyo fundi, Mzee Ouma, ndiye aliyeibeba baadaye mpaka showground, kwenye kambi ya waliokimbia, akatafuta hema kwa hema hadi akampata mama yake Karis. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Karis alikuwa na kamera ndogo na alipenda kujirekodi, na kwamba sauti yake na uso wake vilikuwa mle ndani. Hakuna picha nyingine iliyobaki, zote ziliungua.

Mama Karis hakukasirika kuona mashine yake pale. Alifurahi! Alidhani tumemwandalia. Alimshika pasta mkono, akachukua maikrofoni, akasema, "Watoto wangu, asanteni. Sikujua mnamkumbuka. Jebet, kabla hamjaendelea, wafungulie Karis wamwone. Ile anasoma Zaburi halafu anacheka."

Nikashika mausi. Kwenye ukuta mkubwa ilikuwa ile picha ya bluu tu, safi, bila kitu.

"Inachelewa kidogo, Mama," nikasema. Huo uongo wa kwanza.

Brayo akainama sikioni. "Jebet. Ulipiga Windows?"

"Nyamaza."

"Ulipiga Windows!"

"Mama," nikasema kwa nguvu, "nilivihamisha. Viko kwenye flashi, dukani, viko salama." Na watu wakapiga makofi, jamani, wakanipigia makofi, na Mama Karis akaweka mkono kifuani akasema Bwana asifiwe.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Mzee Ouma alikuwa amerudi, amekaa mstari wa tatu na kofia yake magotini. Alisimama.

"Flashi gani?" akauliza. Hakupaza sauti. "Jebet, mwanangu, flashi gani?"

Ndio wakati huo ukumbi uliponyamaza. Vuuuu. Tk. Vuuuu. Ile prosesa yangu mpya ilikuwa inafanya kazi nne kwa wakati mmoja na hakuna hata moja iliyonisaidia.

"Hakuna," nikasema.

Mama Karis akaniangalia mimi, akamwangalia Mzee Ouma. "Hakuna nini? Mzee, niambie, mimi haya mambo sielewi."

Mzee Ouma akapita katikati ya viti mpaka mbele, akamshika kiwiko. "Mama Karis, ameifuta. Hakujua. Ameifuta yote."

Mwanaume mmoja nyuma, ambaye sikumwona uso, akasema, "Kwanza moto, sasa na hili." Na hakuna aliyehitaji kuelezwa, jina langu ni Jebet na yeye ni Mama Karis, na hapa Kapsoya hayo mawili yanatosha. Viti vikaanza kusogea. Upande mmoja wakasimama, upande mwingine wakasimama, na mimi nikaona stoo yangu, benchi langu moja la vijana wa pande zote, na pazia langu, vyote vikienda.

"Kaeni chini," akasema Mama Karis. Hakuwa na maikrofoni tena lakini wote walisikia. "Huyu wakati ule alikuwa mtoto. Kaeni." Halafu akaniambia mimi, bila hasira hata kidogo, na heri angenizaba kofi, "Nirudishie ilivyokuwa."

Mzee Ouma alijaribu siku nne kuvifufua. Kama ningefuta tu, labda, lakini juu yake niliweka Windows na mchezo mzima wa mpira, kwa hiyo pale alipokuwa Karis sasa kuna nyasi za uwanja na mashabiki wa uongo wanaoshangilia. Kilichorudi ni majina ya mafaili. Ukifungua, ndani ni tupu.

Mama Karis alikuja dukani, akakaa kwenye stuli, mkoba magotini. "Nisomee basi hayo majina."

Nikasoma kwenye karatasi niliyoyaandika. "Karis Zaburi. Karis na kuku. Mama anakataa kamera. Cucu amelala. Karis Zaburi tena. Krismasi."

"Hiyo ya kuku," akasema, "alikuwa anamfukuza jogoo, akateleza." Akatabasamu kidogo, kisha hakutabasamu tena. "Endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho, yalikuwa thelathini na moja, halafu akasema rudia, nikarudia. Akachukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaondoka bila kuaga.

Stoo sikuiomba tena, na pasta hakuitaja. Brayo aliuza kakompyuta kake, sikumuuliza kwa nini. Mimi bado ni fundi, na siku hizi mteja akileta mashine, hata awe na haraka vipi, namuuliza kuna nani humu ndani, si kuna nini, kuna nani, na wengine hunicheka. Na neno "surprise" nimeliapia, simfanyii mtu mpaka nife.

Jioni ile ya majina Mzee Ouma aliniachia funguo akaenda zake. Nilifungua ule ubavu wenye jogoo. Nikaitoa prosesa yangu ya mbio, nikaifuta, nikairudisha kwenye droo. Ile ya zamani ilikuwa kwenye kikombe nilipoiacha Ijumaa. Nikaipaka dawa ya joto, kidogo kama punje ya mchele, nikaiweka tundu lake, nikafunga feni, parafujo moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikawasha nisikilize kama inanguruma vile Mama Karis alivyoileta. Halafu nikazima, nikazitafuta zile leso mbili, nikaifunga.