Azimio la Skrini

Mimi na mashine hatujawahi kupikika chungu kimoja, ila mfumo wa Linux niliuweka kwa hiari yangu kwenye kompyuta ya duka langu la uchapaji. Ulikuwa wa bure, na virusi vya flashi za wateja wangu pale Tunduma vilishanichosha. Rafiki aliyenipa diski alijisifu kwamba Linux yake ina menyu za Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kubahatisha, lakini nani alalamikie cha bure?

Siku hiyo baba alikuja dukani kutoka Igamba kuhakiki hotuba yake ya sendofu, ya kumuaga dada yangu anayeolewa. Maneno alinipa kwa simu, nami nikayachapa. Nikamvutia kiti mbele ya skrini yangu ya kizamani, yenye kichogo. Akaitazama kidogo tu.

"Iko vizuri," akasema. "Ila atasoma baba yako mdogo. Mimi kikohozi hakijaniacha."

Hakuwa amekohoa tangu aingie. Tena huyu aliwahi kuwa katibu wa chama kwenye kata, mtu ambaye ukimpa kipaza sauti, kumnyang'anya ni kazi. Nilipoona anavyokunja uso na kurudisha shingo nyuma, nikaelewa, na roho ikaniuma. Kumwambia kwamba haoni nisingethubutu. Nikaisingizia mashine.

"Herufi zimekaa vibaya, baba. Ngoja nipunguze azimio."

"Upunguze nini?"

Nikamwonyesha neno lenyewe kwenye menyu. Mtafsiri alikuta neno la Kiingereza, resolution, lenye maana mbili, akashika ile ya vikaoni. Likipunguzwa, nikamweleza huku nikilipunguza, herufi zinakua.

"Azimio wakubwa walishalipunguza zamani," akasema, "na sijaona kilichokua ila matumbo yao."

Nilicheka mpaka nikasahau kazi. Herufi zilikuwa zimeshanenepa, baba ameanza kusoma kwa sauti, "Ndugu wazazi wenzangu," mara skrini ikazima, ikawaka, na herufi zikawa sisimizi tena. Ndivyo ilivyo: usipobonyeza kukubali badiliko, baada ya sekunde chache mashine inarudisha ya zamani. Baba hakujua hilo. Akafuta macho taratibu kwa kiganja.

"Macho haya," akasema kwa sauti ndogo. "Tangu mavuno ya kahawa yananifanyia hivi."

"Safari hii si macho, baba. Ni mimi sijabonyeza."

Nikarudia, nikabonyeza. Herufi zikatulia, kubwa kama za kwenye bango la duka. Nikamwahidi kwamba hata kwenye karatasi nitazikuza hivyo hivyo.

"Basi baba yako mdogo akae ale pilau," akasema, na uso ukamchangamka.

Akasoma kwa madaha, akisimama pale anapotaka watu wapige makofi, mpaka mahali anapomwambia dada aende salama, na kwamba mlango wa kwao haufungwi. Hapo akanyamaza. Nikanyoosha mkono kwenye kipanya ili nizikuze zaidi.

"Ziache," akasema. "Herufi naziona."