Jina la Mama Mkwe Mbele ya Kompyuta

Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko la Likasi. Pikipiki iliponiangusha njia ya Kakontwe na mkono wa kulia ukafungwa plasta, nilitafuta programu ya kuandika kwa sauti. Unasema Kifaransa chako, yenyewe inaandika. Unasema «point», inaweka nukta; unasema «à la ligne», inashuka mstari. Nilibishana bei na aliyeniwekea mpaka akachoka, nikaijaribu mara mbili, nikajiona mkubwa wa ofisi: kazi yangu sasa ni kuamuru tu.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akafika kutoka Kapolowe. Jirani yake alikuwa amesogeza mpaka wa shamba lake la mahindi, na siku ile ilikuwa ya mwisho kupeleka malalamiko ofisi ya ardhi. Saa tisa wanafunga. Bila barua, mahindi ni ya jirani.

Kwetu sisi wa asili ya Kasai, jina la mama mkwe halitoki mdomoni mwa mkwewe, wala hawakai chumba kimoja. Kwa hiyo alikaa nje, amenipa mgongo, kando ya mama muuza mikate, ambaye alipeleka maneno yetu huku na huko ijapokuwa tulisikiana vizuri kabisa.

Barua ilitiririka. Jirani, mpaka, mahindi, point, à la ligne. Ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Pa jina niliruka, kama mtu anayeruka dimbwi. Mwishoni ikabidi nirudi kwenye dimbwi.

Miaka yote vidole vyangu vilikuwa vimeandika jina lile bila kumkosea mtu heshima. Vidole havina mdomo. Na kumwita mama mkwe aje ajitaje mwenyewe ni kumtuma kazi; mkwe hamtumi mama mkwe.

«Mama,» nikamwambia muuza mikate, «ingia useme jina lake hapa, mara moja tu.»

«Utanunua mikate ngapi?»

«Miwili.»

«Kumi. Minye niko na kazi.»

«Mitatu.»

«Weye! Jina la mukwe wako ni la mikate mitatu?»

Kule nje mgongo ukatikisika. Kikohozi au kicheko, sikujua. Biashara ikafa palepale: kushusha bei ni kumshusha mama mkwe, kukubali kumi ni kujishusha mimi. Nikashika njia niliyobakiwa nayo: kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

Majina yake ni matatu, na hakuna fupi. Nilikosea, nikafuta, nikakosea tena. Jina likala muda kuliko ukurasa wote.

«Muambie mukwe wangu saa nane imepita,» sauti ikaja kutoka nje. «Kama jina langu ni zito, abebe na mikono mbili.»

«Mama anasema...» muuza mikate akaanza.

«Nimesikia. Muambie nabeba na moja.»

Tulifika ofisini dirisha likianza kufungwa, mama mkwe mbele, mimi nyuma kwa umbali wa heshima. Karani akachukua barua, akasoma jina lote kwa sauti ya kuita uwanja mzima. Mara mbili. Nikaangalia mawingu.

«Ni minye,» mama mkwe akajibu, na karani akagonga muhuri.